Mwongozo kamili wa kuchagua laptopu ya chuo: lipia kile usichoweza kukibadilisha

Kila muhula mpya unapokaribia, swali ninaloulizwa ni lilelile: "Nichukue i5 au i7?", yaani daraja lipi la prosesa ya Intel, ubongo wa laptopu. Nami hujibu kwa swali jingine, jambo ambalo huwakera watu: unakwenda kusoma nini? Wengi huona nakwepa. Sikwepi. Kuna i7 ambayo leo ni kikongwe kinachohema, na kuna i3 inayoipita i7 hiyo bila kutoka jasho. Tarakimu hiyo moja ya kwenye stika haikuambii chochote cha maana.

Kabla ya kuingia kwenye hatua, shika jambo hili kwa sababu nitalirudia mara kadhaa. Vitu vilivyomo ndani ya laptopu ni vya makundi mawili. Kuna vile ambavyo fundi anaweza kukubadilishia baadaye: diski, betri, mara nyingine RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi ulizozifungua). Na kuna vile utakavyokaa navyo mpaka siku ya mahafali: prosesa, skrini, uzito, ubora wa bodi, na RAM iliyochomelewa moja kwa moja. Pesa ikiwa haba, na ya mwanafunzi kwa kawaida huwa haba, ipeleke kwenye kundi la pili. La kwanza linaweza kusubiri hadi mwaka wa pili. Matangazo hufanya kinyume kabisa: diski ya 1TB inaandikwa kwa herufi kubwa, na skrini hafifu haitajwi popote.

Hatua ya 1: Anza na kozi, duka baadaye

Tafuta orodha ya programu zinazotumika kwenye kozi yako. Idara nyingi huwa nayo, ila mara nyingi imefichwa kwenye kijitabu cha kozi ambacho hakuna anayekisoma. Usipoipata, muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Wa mwaka wa kwanza bado anatumia programu nyepesi na atakuambia "yoyote inatosha". Wa mwaka wa tatu ndiye ameshakesha akisubiri mradi wake umalize kuchakatwa.

Sheria, lugha, elimu, uuguzi, sosholojia, biashara kwa sehemu kubwa: kazi yako ni kusoma PDF, kuandika insha, kutengeneza slaidi na kufungua vichupo 20 vya kivinjari kwa wakati mmoja. Laptopu ya kawaida yenye kibodi nzuri na skrini isiyochosha macho inatosha. Usikubali mtu akuuzie mashine ya michezo ya kompyuta kwa kisingizio cha "kujiandaa na baadaye".

Uhasibu, uchumi na takwimu zinahitaji uangalifu mdogo. Programu za takwimu R, Stata na SPSS zinafanya kazi kwenye Windows na kwenye Mac. Lakini Excel ya Mac si pacha wa Excel ya Windows. Power Pivot, zana ya kuchambua data nyingi, kwa mfano, haimo kwenye ile ya Mac. Mwalimu akiitumia darasani utabaki unatazama skrini ya jirani.

Uhandisi, usanifu majengo na jiografia ndiko watu wanakoumia. SolidWorks (ya kusanifu mashine), Revit (ya majengo) na ArcGIS Pro (ya ramani) zimetengenezwa kwa ajili ya Windows tu. AutoCAD, ya kuchorea ramani za kiufundi, ina toleo la Mac, ila halina kila kitu kilichomo kwenye la Windows. Anayenunua MacBook nzuri kisha akaingia uhandisi mitambo hutumia mwaka mzima akitafuta njia za kuzunguka tatizo ambalo angelikwepa kwa kuuliza swali moja. Kozi hizi pia ndizo zinazohitaji kadi ya picha (GPU) inayojitegemea na RAM isiyopungua 16GB.

Sayansi ya kompyuta inaweza kufanyika kwenye mfumo wowote, lakini inakula RAM. Android Studio, zana ya kutengenezea programu za simu za Android, pamoja na simu yake ya kuigiza vitaibana mashine ya 8GB mpaka ilie. Anayetaka kutengeneza programu za iPhone hana ujanja, atahitaji Mac kwa sababu Xcode, zana ya kuzitengenezea, haipo kwingine. Na anayeelekea kwenye ujifunzaji wa mashine asikimbilie kadi ya picha ya gharama kubwa mwaka wa kwanza. Mazoezi mengi ya darasani hufanyika kwenye huduma za mtandaoni kama Google Colab, ambazo hukukopesha kadi yao bila malipo kwa muda. Akiamua kununua, achague ya NVIDIA, kwa kuwa zana nyingi za fani hiyo zimejengwa juu ya CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu kwenye kadi ya picha.

Usanifu wa picha na video: mezea mate skrini kwanza, prosesa baadaye. Nitarudi huko.

Uliza pia kuhusu mitihani. Vyuo vingine hufanyisha mitihani kwa kivinjari maalumu kinachofunga kila kitu kingine, kama Respondus LockDown Browser. Hicho hakifanyi kazi kwenye Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows. Mpenzi wa Linux anaweza kubaki nayo, mradi aiache Windows kwenye sehemu ya diski kwa ajili ya siku za mtihani.

Hatua ya 2: Mfumo endeshi

Kwa wengi jibu ni Windows, kwa sababu tu programu nyingi za vyuo ziko huko na mafundi wanaijua. Kuna tarehe moja ya kukumbuka. Windows 10 ilikoma kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu utakayoinunua leo lazima iweze kuendesha Windows 11 kihalali, na Windows 11 ina masharti: chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, au ya mshindani wake AMD kuanzia Ryzen za laptopu za mfululizo wa 3000. Mtu anaweza kukuwekea Windows 11 kwenye mashine ya zamani kwa kupita mlango wa nyuma. Itawaka vizuri siku ya kununua. Kitakachotokea kwenye masasisho yajayo ni juu yako.

Ukikuta laptopu mpya ya bei ya chini inakataa kusakinisha programu zisizotoka kwenye duka la Microsoft, huenda iko kwenye hali ya S. Hiyo si hitilafu, inaondolewa bure kwenye mipangilio, ila ukishaiondoa hairudi.

Mac ni mashine nzuri kwa mwanafunzi ambaye kozi yake inairuhusu. Betri hudumu, kelele za feni ni chache au hazipo. Chukua yenye chipu za Apple zenyewe, yaani M1 ya mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea. Mac za Intel ziache hata ukipunguziwa bei kiasi gani. MacOS Tahoe ya mwaka 2025 ndilo toleo la mwisho linalozihudumia, tena baadhi yake tu. Kumbuka pia kuwa RAM na diski ya MacBook havibadilishiki. Kiasi utakachokichagua dukani ndicho utakachozeeka nacho.

Chromebook ni kwa mtu ambaye kazi yake yote iko ndani ya kivinjari. Ni nyepesi, haisumbui, na haitaendesha SPSS wala AutoCAD. Ikiwa ya mtumba, angalia tarehe yake ya kukoma masasisho kwenye mipangilio kabla ya kutoa hata senti.

Neno la haraka kuhusu laptopu za Windows zenye chipu za Snapdragon, zilizoenea tangu mwaka 2024: betri zake zinasifika, na programu nyingi za kawaida zinafanya kazi. Lakini baadhi ya programu za kihandisi, vifaa vya maabara na printa za zamani hukataa. Kwa insha, sawa. Kwa uhandisi, hapana.

Hatua ya 3: Soma jina zima la prosesa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo twende taratibu.

Jina la prosesa ya Intel ya miaka iliyopita huandikwa hivi: Core i5-8250U. "i5" ni daraja. Tarakimu inayofuata, 8, ni kizazi. Kukiwa na tarakimu tano au jina kama i5-1235U, kizazi husomwa kwa tarakimu mbili za mwanzo: hapo ni cha 12. Herufi ya mwisho inaeleza tabia: U hutumia umeme kidogo na kutunza betri, H ina nguvu zaidi, inapata joto zaidi, na humaliza chaji mapema.

Sasa linganisha i7-7500U na i5-8250U. Ya kwanza ni i7, kwa hiyo muuzaji ataiweka juu. Ndani yake mna viini (cores, sehemu zinazofanya hesabu) viwili tu. Ya pili, i5 iliyotoka mwaka mmoja baadaye, ina viini vinne, na ndiyo inayokubaliwa na Windows 11. Ile i7 haikubaliwi. Ukifuata stika utalipa zaidi kupata kidogo. Na i3-1215U ya kizazi cha 12, yenye viini sita, itaziacha zote mbili nyuma. Ndiyo maana nikiambiwa "ni i7" huwa nauliza: ya kizazi gani?

Tangu mwishoni mwa 2023 Intel ilianza majina mapya, Core Ultra 5, Core Ultra 7 na kadhalika, bila ile "i". Hizo zote ni mpya kiasi cha kutosha kwa chuo. Tahadhari iwe upande wa chini: Celeron, Pentium, na zile zinazoitwa N100 au N200. Zinafaa kwa kuandika na kusoma, hazifai kwa kozi yoyote yenye neno "uigaji" au "usanifu" ndani yake, na Celeron za zamani hazifai hata kwa kivinjari cha leo.

AMD nao wana mtego wao. Kwenye Ryzen za laptopu za mfululizo wa 7000, tarakimu ya kwanza inaonyesha mwaka wa soko, na ya tatu ndiyo inayoonyesha umri halisi wa usanifu wa ndani. Ryzen 5 7520U inaonekana mpya, lakini ile 2 ya katikati inamaanisha Zen 2, usanifu uliotoka mwaka 2019. Ryzen 5 7530U ni Zen 3, na 7540U ni Zen 4. Tofauti ya tarakimu moja, na mashine mbili tofauti kabisa.

Kwa mtu asiyetaka kukariri haya yote: Intel kizazi cha 11 au zaidi, au Ryzen 5 ya mfululizo wa 5000 na kuendelea ukiepuka ile 7520U, inamtosha mwanafunzi wa kozi nyingi kwa miaka minne. Kizazi cha 8 mpaka cha 10 ni sawa kwa mtumba wa bei ya chini na kazi za kuandika.

Hatua ya 4: RAM na diski

8GB ndiyo sakafu. Laptopu ya 4GB usiipeleke chuoni. Windows 11 ikishakaa humo, na kivinjari kikafunguliwa, hakuna nafasi ya kitu kingine. 16GB ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayeweza, na ni lazima kwa uhandisi, programu na video.

Swali muhimu zaidi ya "ni ngapi" ni "inaongezeka?" Laptopu nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi. Ukiona maelezo yameandika LPDDR4X au LPDDR5, chukulia kuwa imechomelewa. Nyingine zina nafasi moja au mbili za kuchomeka. Kwenye mashine iliyowashwa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye sehemu ya utendaji kisha kumbukumbu. Windows itakuonyesha nafasi ngapi zipo na ngapi zimetumika, japo kwenye mashine za RAM iliyochomelewa hesabu hiyo wakati mwingine hupotosha. Uthibitisho wa kweli umo kwenye mwongozo wa matengenezo wa modeli hiyo, ambao kampuni kubwa kama Lenovo, Dell na HP huuweka bure mtandaoni. Dakika kumi za kuusoma zitakuonyesha pia kama betri imeshikwa kwa skrubu au kwa gundi, na kama kibodi inatoka yenyewe au inahitaji ganda zima la juu kubadilishwa.

Kwa hiyo: mashine ya 8GB yenye nafasi wazi ni ununuzi mzuri hata kwa mwanafunzi wa programu, kwa kuwa utaongeza akiba ikiruhusu. Mashine ya 8GB iliyochomelewa itabaki 8GB.

Kuhusu diski sina maneno mengi. SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka), basi. Diski ya kuzunguka husoma data kwa kasi ya kama megabaiti 100 na kitu kwa sekunde, SSD ya aina ya zamani, SATA, hufika takriban 500, na ya aina mpya, NVMe, huvuka elfu kadhaa. Kubadilisha diski ya kuzunguka ukaweka SSD hufufua laptopu kuliko kitu kingine chochote. 256GB inatosha kwa kuanzia, kwa sababu kwenye laptopu nyingi za Windows diski inabadilishika. Epuka eMMC, ambayo huuzwa kwenye laptopu ndogo za bei ya chini kama "64GB" au "128GB": ni ya polepole, imechomelewa, na 64GB itajaa kwa masasisho ya Windows peke yake.

Hatua ya 5: Vile unavyovigusa na kuvitazama

Utaitazama skrini hiyo kwa maelfu ya saa. Cha ajabu, ndicho kitu ambacho watu hukiulizia mwisho.

Anza na idadi ya nukta. 1366×768 imepitwa na wakati; kwenye PDF yenye safu mbili utakuwa unasogeza kila baada ya mistari michache. Tafuta 1920×1080, au bora zaidi 1920×1200, ambayo ni ndefu kidogo kwenda chini na hukuonyesha mistari zaidi ya maandishi. Aina ya paneli iwe IPS. Namna ya kuitambua bila kusoma karatasi: fungua picha yenye uso wa mtu, kisha inamisha skrini nyuma na utazame kutoka pembeni. Rangi zikigeuka kama filamu ya picha ya zamani, hiyo ni TN, paneli ya aina hafifu, iache.

Mwangaza hupimwa kwa niti. 250 ni wa chumbani mapazia yakiwa yamefungwa. 300 unavumilika karibu na dirisha. Anayependa kusoma nje atafute 400. Mwanafunzi wa picha na video aulize kuhusu rangi: maelezo yakisema asilimia 45 ya NTSC (kipimo cha wingi wa rangi), hiyo ni skrini iliyopauka, na kazi utakayoirekebisha juu yake itaonekana tofauti kwa mwalimu. Unataka inayokaribia asilimia 100 ya sRGB, kipimo kingine cha rangi.

Ukubwa, kwa maoni yangu, ni inchi 14. Inchi 15.6 ni nzuri mezani na ni mzigo begani. 13 ni raha begani na hubana unapofungua madirisha mawili. Uzito kati ya kilo 1.3 na 1.6 unabebeka kila siku. Pima pamoja na chaja! Laptopu za michezo huja na chaja yenye umbo la tofali na uzito unaoelekea huko, na hakuna anayelitaja hilo dukani.

Kibodi: andika aya nzima, si jina lako tu. Sikiliza kama vidole vinakosea mara nyingi kuliko kawaida, na bonyeza katikati uone kama inabonyea kama godoro.

Hatua ya 6: Betri na chaja

Usiamini saa zilizoandikwa kwenye boksi. Zilipimwa kwa video moja na mwangaza mdogo. Tafuta ukubwa wa betri kwa wati-saa, hufupishwa Wh. Laptopu yenye prosesa ya U, ikiwa na kazi za kuandika na kivinjari, hutumia takriban wati 7 hadi 10. Betri ya 50Wh kwa hiyo itakupa saa tano hadi saba, na ya 38Wh itakuangusha kabla ya kipindi cha mchana. Ndiyo hesabu yote.

Inayochajiwa kwa USB-C ina faida kubwa, kwa sababu chaja ikipotea unaazima ya jirani, na chaja moja ya wati 65 inaweza kuhudumia simu pia. Ila matundu ya USB-C yanafanana sura, hayafanani kazi. Lingine huchaji, lingine hutoa picha kwenye projekta, lingine husafirisha faili tu. Soma maelezo ya modeli, au jaribu hapohapo.

Matundu mengine: angalau USB mbili za kawaida na HDMI, ili usiwe mtu anayesimama mbele ya darasa akiuliza nani ana adapta. Wi-Fi 5 inatosha, Wi-Fi 6 ni nzuri zaidi kwenye bweni lenye watu wengi. Kamera ya 720p ni mbovu lakini inavumilika.

Hatua ya 7: Mpya au mtumba?

Mimi ni wa mtumba, nalisema mapema ili unisome ukijua. Kwa bajeti ndogo, laptopu ya kiofisi ya miaka mitatu au minne iliyopita huishinda mpya ya bei hiyohiyo karibu kila mara. Ninazungumzia ThinkPad za mfululizo wa T, Latitude za Dell na EliteBook za HP. Kampuni huzikodi kwa miaka michache kisha huziachia kwa mkupuo, ndiyo maana ni nyingi sokoni. Bawaba zake ni imara, vipuri vinapatikana, na miongozo ya matengenezo iko wazi. Mpya ya bei ya chini ina faida moja ya kweli: waranti. Kama huna fundi unayemwamini na huna muda wa kukagua, waranti hiyo ina thamani.

Lakini mtumba usipokaguliwa ni mbuzi kwenye gunia. Niliwahi kununua moja yenye stika ya i7 iking'aa, nikafika nyumbani, nikafungua taarifa za mfumo nikakuta i3. Stika hununuliwa kwa pakiti. Tangu hapo nafuata utaratibu huu, na muuzaji akinuna namwacha.

Nataka ianze ikiwa imezimwa kabisa. Ukiikuta imeshawashwa, izime, uiwashe mwenyewe. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, kwa F2, F10, F1 au Esc kulingana na kampuni. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, ondoka: mashine hiyo ina mwenyewe. Humo ndani tazama kama kuna ulinzi wa Absolute, pengine huandikwa Computrace, ambao umewashwa. Taasisi inaweza kuwa bado inaifuatilia. Linganisha namba tambulishi (serial number) iliyomo kwenye BIOS na iliyo chini ya ganda. Zikitofautiana, huenda bodi au ganda lilibadilishwa.

Kwa Mac, ifutwe mbele yako, iunganishwe na intaneti, kisha ianze upya mpaka ifike kwenye skrini ya kutengeneza akaunti. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, imefungwa na Activation Lock. Ikisema inasimamiwa na shirika, ni ya shirika hilo hata kama muuzaji anaapa.

Baada ya Windows kuwaka, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike powercfg /batteryreport. Hutengeneza faili inayofunguka kwenye kivinjari, nayo ina namba mbili za kutazama: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake sasa. Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 31,000, imebaki asilimia 62. Hilo si tatizo la kukufukuza, kwa kuwa betri inabadilishika. Ni hoja ya kupunguziwa bei. Kwenye Mac tazama idadi ya mizunguko ya chaji. Betri zake nyingi zilikusudiwa kufikia 1,000, na kuibadilisha betri hiyo kunagharimu zaidi.

Nenda na diski ya USB yenye programu ya CrystalDiskInfo uone afya ya SSD. Fungua picha nyeupe tupu ijae skrini, kisha nyeusi, utafute nukta zilizokufa na madoa. Bonyeza kila kitufe, ndiyo, kila kimoja, hata ile alama usiyoijua. Chomeka kitu kwenye kila tundu. Jaribu kamera, maikrofoni, spika. Fungua na kufunga kifuniko ukisikiliza bawaba. Mlio wa kukwaruza ni ufa unaokuja. Mwisho cheza video ya ubora wa juu kwa dakika 15 ukiwa umeshika sehemu ya chini. Feni ikinguruma bila kukoma au mashine ikijizima, ndani kuna vumbi au tatizo kubwa zaidi, na dukani huwezi kujua ni lipi.

Kazi yote hii ni kama dakika 40. Muuzaji mwaminifu hukuletea kiti.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Kabla ya kulipia programu yoyote, ingia kwa barua pepe ya chuo. Microsoft hutoa toleo la mtandaoni la Word, Excel na PowerPoint bure kwa wanafunzi wa vyuo vinavyostahili. Autodesk huwapa wanafunzi leseni ya mwaka mmoja inayohuishwa, na JetBrains hufanya vivyo hivyo kwa zana za programu. Programu za wizi ndizo zinazoleta virusi kwenye mabweni, tena usiku wa kuamkia kukabidhi kazi.

Ikiwa ni mtumba, futa kila kitu na usakinishe Windows upya kutoka kwa Microsoft, hata kama ilikuja imepangwa vizuri. Hujui aliyeipanga aliacha nini.

Weka kikomo cha chaji kwenye asilimia 80 kama mashine ina kipengele hicho na unakaa karibu na umeme muda mwingi.

Kisha tafuta ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 husimba diski zenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila kukuuliza sana. Siku fundi akigusa bodi, au sasisho likienda kombo, mashine itadai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo faili zako haziokoleki na mtu yeyote. Ufunguo uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi, karatasi iweke mahali ambapo laptopu haikai, na nakala ya kazi zako ziweke kwenye hifadhi ya mtandaoni na kwenye diski ya nje tangu insha ya kwanza.